Mwezi Uliolala Chali

Jumatano, 23 Julai 2025

Nimemaliza kusahihisha mtihani wa fizikia na astronomia, mwaka wa kwanza. Watu mia moja na kumi na mbili wamemeza desa lilelile la majibu linalouzwa stesheneri! Kasi wameijibu kwa kilo. Ningeuliza umbali wa Jua, nao wangeupima kwa kilo.

Swali la nne: chora mwezi mchanga wa jioni. Wote wameuchora kama nilivyouchora ubaoni – wima, mgongo kulia. Kasuku, lakini kasuku waliopatia. Isipokuwa Akelo. Huyo kauchora umelala, pembe zote mbili juu. Mtoro mkubwa! Nimempa sifuri kati ya alama tano. Jumla thelathini na saba, kufaulu ni arobaini. Anarudia somo hili mara ya mwisho, kwa hiyo anadisko, chuo basi. Safari njema.

Alhamisi, 24 Julai

Akelo kaja ofisini. Shikamoo nusu, miwani ya jua kichwani. Eti nimemwonea. Eti kwao Shirati mwezi unalala hivyo, nitoke nje nikaangalie. Nilicheka. Leo hakuna mwezi angani, binti, hata hilo hujui?

"Basi mwalimu, Jumamosi uangalie."

Akaondoka bila kufunga mlango. Mama yake angemwona!

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda ziwani Nyegezi kununua sato. Sato tu. Jua likazama, nikainua macho – pumbavu! Umelala chali, pembe zote mbili juu.

Kitabu changu kimeandikwa Ulaya. Kwao mwezi husimama. Sisi tuko jirani na ikweta, kwetu hulala. Fizikia ya mwaka wa kwanza hiyo! Miaka sita nimefundisha picha ile, na mwezi ukipita juu ya bati langu Mkolani. Mtoro kapatia kwa sababu hakuja kunisikiliza. Naona aibu.

Jumapili, 27 Julai

Nimempigia mkuu wa idara, Dokta Venant. Kasema mwongozo wa kusahihisha ndio sheria. Nikimpa Akelo alama, wale wengine wote niwanyang'anye, halafu niwaeleze wazazi. "Mtoto mmoja tu, bwana." Hakuuliza hata mwezi ukoje. Alikuwa anakula, nilisikia anafyonza mfupa. Eti daktari wa falsafa!

Nikamwambia kesho kikaoni nitasema. Sauti yenyewe ilitoka ndogo.

Jumatatu, 28 Julai

Kikao cha matokeo. Soda, karanga, sala ndefu. Nilipanga kusema majina yakifika katikati, nikishajipa moyo. Kumbe orodha inafuata alfabeti. Akelo wa kwanza!

Venant kasoma: amefeli, aondolewe chuo. Kauliza kama kuna mwenye hoja. Ananitazama. Sasa wote wananitazama, wanadhani naandika muhtasari wa kikao, na mimi naandika tu, naandika –