Jina la Mjomba Kasonde

S.L.P. 61,
Mpika.
14 Agosti 2018

Mpendwa Mjomba Chola,

Nakusalimu kwa magoti na makofi, kana kwamba uko mbele yangu. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Tsumeb? Na mkeo, Mama Lubuto, kifua kimempa nafuu? Sisi wa huku ni wazima wa mwili. Mihogo imekauka vizuri, na viwavi wakavu wa kitoweo tuliokuwekea bado wamo mfukoni. Mama hataki mtu awaguse.

Najua Mama amekwisha kukuandikia. Amekuomba uje mwezi ujao umrithishe kaka yangu Kalaba jina la mdogo wako, Mjomba Kasonde, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa ukoo na bila mkono wako upinde wa marehemu, ambao ndio alama ya jina lake, haumwendei mtu. Mimi nakuandikia jambo ambalo Mama halijui.

Wewe hukuwahi mazishi. Tajiri wa lori alilokuwa akiliendesha alisema mbele ya jeneza kwamba dereva alisinzia. Mjomba Chola, hakusinzia. Nilikuwa naye garini hadi Serenje, nikitoka chuoni Kitwe kuja likizo.

Wewe unafanya kazi kwenye tanuri la shaba, huenda haya ya barabarani huyajui. Mabamba ya shaba hupakiwa, hufunikwa turubai na kupigwa lakiri kabla dereva hajaitwa, kwa hofu ya wizi. Dereva hukabidhiwa mzigo asioruhusiwa kuutazama. Kama minyororo imelegea, atajua kwa masikio tu.

Tulianza kusikia baada ya Mkushi. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta kiti chumba cha pili. Mjomba Kasonde akazima redio.

"Mjomba, nini hicho?"

"Shaba imechoka kukaa. Inajinyoosha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kila kona kiti kilivutwa tena, na kila alipogusa breki kitu kilibisha hodi nyuma ya vichwa vyetu, mara moja, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Serenje alisimama. Dereva mwenzake, Mngoni mmoja aitwaye Jere, alikuwa anakula viazi kando ya gari lake. Unajua utani wetu na wao.

"We mla nyani! Umebeba shaba au ngoma?"

"Nimebeba mifupa ya babu yako, mla panya. Haitaki kuzikwa kwetu."

Jere alizunguka trela akicheka, akafika upande ambako turubai lilikuwa limetuna, akaacha kucheka.

"Kata lakiri, Kasonde. Kaza minyororo."

"Nikate, halafu? Sichola alikata, sasa hivi yuko gerezani anaitwa mwizi wa shaba."

Akampigia tajiri. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. "Mzee, wewe endesha. Breki usizishike kwa ghafla, basi."

Mjomba akaja upande wangu, akafungua mlango. "Shuka, mama. Utapanda basi."

"Twende wote, Mjomba. Au tulale hapa."

"Vitabu vyako vinaongeza uzito. Shuka."

Kwenye mteremko wa kuingia darajani ng'ombe walikuwa wanavuka. Basi letu lilipofika walikuwa bado barabarani, wakinusa lami. Mzigo wote ulikuwa umekuja mbele. Sitakuandikia nilichokiona, ila kwamba kiti nilichokuwa nimekikalia hakikuwapo.

Tangu siku hiyo sauti ile haijaniacha. Mama akisogeza kinu, naisikia. Chuoni mhadhiri alivuta meza, nikajikuta nimeinama na kushika kisogo, darasa zima likinitazama. Na baada ya sauti nasubiri ule mlio wa kubisha hodi kwa adabu. Nikiusubiri, najua Mjomba yuko karibu, na ananisubiri nishuke.

Mama nimeshindwa kumwambia. Anafarijika kuamini kwamba kaka yake alilala, hakuona kitu kikija. Kalaba nilimwambia. Alicheka. "Dada, na mimi nina masikio. Mzigo ukitembea nitausikia." Kana kwamba aliyekufa alikuwa kiziwi!

Tajiri amenunua lori jingine na kiti anamwekea Kalaba. Mama amemkataza kulipanda kabla hajachukua jina, ili marehemu amtangulie barabarani. Kalaba anamtii, lakini siku zinamwasha. Ameshaanza kutembea mikono mgongoni kama Mjomba, na Mama amemshonea shati la siku hiyo.

Kwa hiyo wewe, uliye mbali kuliko sote, ndiye pekee unayemzuia. Nakuomba usije. Sema goti, sema ruhusa kazini, sema pasi imeisha muda. Mwakani sema tena. Kalaba ana akili ya mashine, na fundi mmoja wa pampu za maji hapa mjini amekubali kumchukua. Nataka muda tu, azoee kurudi nyumbani kila jioni.

Najua ninachokuomba. Jina lisilochukuliwa ni mtu asiye na nyumba. Wazee wakijua, watasema nimemfungia Mjomba Kasonde nje ya mlango. Ni kweli, nimemfungia. Namsikia akibisha, na simfungulii.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Kalaba naye, na Bibi Namfukwe wa kisimani. Nisalimie Mama Lubuto, na Lubuto mwenyewe, na Kapambwe mdogo umbusu kwa ajili yangu.

Mungu akupe afya, akuzidishie siku, na barabara ya kuja huku aifunge.

Wako akupendaye kwa dhati,
Chilufya