Uji wa Wimbi Usiotiwa Sukari

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechoma kidole kupima sukari, hata sijapiga mswaki. Sita nukta nane. Juu tena. Na jana usiku nilikula kipande cha sima, mchicha na samaki wa kuchoma, basi. Wanataka nile mawe?
Asubuhi yai na mbaazi bila mahamri. Mbaazi bila mahamri ni adhabu. Mume wangu Salim kayala yake mbele yangu, macho kwenye simu, wala haya hana.

Jumatano, 6 Agosti
Kliniki. Nesi kasoma namba zangu, kisha kaniangalia mimi. Nimeapa nafuata kila kitu. Wali kidogo, mara mojamoja. Dafu nimeacha. Chai kavu. Kasema sukari ya mimba mara nyingine huhitaji dawa hata mtu akila vizuri, wala si kosa lake. Lakini niangalie vizuri jikoni kwangu. Nikirudi na namba hizi, naanza sindano za insulini.
Sindano siziogopi. Naogopa kurudi nyumbani mikono mitupu kama mara ya kwanza. Yule mtoto hakumaliza hata wiki. Siwezi tena. Siwezi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempata mwizi. Mavyaa, mamake Salim, ndiye anayepika cha mchana, na mkono wake kwenye tui ni mzito. Nimemwambia asinipikie tena, na nimemwambia mbele ya mwanawe. Maneno yangu hayakuwa mazuri. Kafunika sufuria, kaenda chumbani kwake. 
Mama yangu, aliyetoka Tezo mwezi uliopita kuja kunihudumia, alikuwa akinipikia uji tu. Sasa atapika vyote. Roho yangu imetua.

Jumapili, 10 Agosti
Uji wa mama ndiyo starehe pekee niliyobakiwa nayo. Wimbi mzito, ukwaju mwingi, sukari hata chembe. Hukaa pale mlangoni mpaka nimalize, kisha huchukua bakuli mwenyewe. Leo nimekunywa mawili.
Nimepima baadaye. Kumi na kitu! Nimegombana na mashine. Salim kaitia betri mpya. Namba ni zilezile.

Jumanne, 12 Agosti
Mama kaenda Tezo matangani, jirani yao kafariki. Nimejipikia. Ndengu, mchicha, samaki, sima ya kujaa kiganja. Uji nimeukosa, lakini uvivu umenizidi.

Jumatano, 13 Agosti
Tano nukta moja. Nimechoma kidole kingine nihakikishe. Ileile. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nzuri tena. Asubuhi, na baada ya chakula pia. Mavyaa hajagusa sufuria yangu tangu Ijumaa, na namba zilipanda hivyohivyo. Zimeshuka mama alipoondoka.
Nimeandika, nimeiangalia sentensi hiyo, na nimejiona mtoto mbaya.

Ijumaa, 15 Agosti
Mama karudi. Alipoingia kuoga nimekwenda jikoni. Chini ya kawa, bakuli. Ndani yake tende. Zimeshatolewa kokwa, zimelowekwa, zimelainika, tayari kupondwa. Pembeni ukwaju.
Kumbe ukwaju ulikuwa wa kuficha utamu.
Nimesimama pale mpaka alipotoka bafuni. Hakukana. Kasema, "Wa kwanza alitoka kama kifaranga, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwosha. Huyu hatashinda na njaa tumboni, kwa sababu ya kijimashine." Nikamwambia mashine haidanganyi kama yeye. Akasema tende si sukari, tende ni chakula cha wazazi tangu na tangu, hata uchungu hurahisisha. Nikamuuliza, kama si sukari, ulizifichia nini? Akalirudishia bakuli kawa lake.
Na tende kanunua nani? Salim! Kila akitoka sokoni, kifuko ndani ya kapu la nazi. Mtu aliyenishikia pamba nikitoboa vidole. Aliyetia betri. Nimemuuliza, kasema hakutaka kumvunja moyo mama. Wangu je, moyo wangu ni wa nani?
Tende nimezimwaga uani. Nimelia kwa hasira. Jirani kajidai anaanika nguo.

Jumamosi, 16 Agosti
Sijasema na mtu.

Jumapili, 17 Agosti
Nimekwenda chumbani kwa mavyaa. Nimemshika mkono, nimemwamkia, nimeomba radhi. Kajibu marahaba. Kisha kasema, "Nilikuwa nikikutilia tui la mwisho, lile jepesi kama maji. Hukuuliza." Basi. Hakusema yameisha, nami sikumtaka aseme.

Jumatano, 20 Agosti
Kliniki. Namba za siku hizi zimemfurahisha nesi. Mtoto ni mkubwa kidogo, moyo wake unapiga vizuri. Sindano tusubiri kwanza. Kauliza nimebadilisha nini. Nimesema uji. Nimeshindwa kumwambia mgeni kwamba ni mama yangu.
Salim alikuwa akinisubiri nje na kifuko cha karanga. Nimekifungua nikazikagua moja moja. Kaniona. Vizuri.

Alhamisi, 28 Agosti
Mama karudi kwao Tezo leo. Nimemsindikiza hadi barabarani, mkoba wake nimeubeba upande mmoja, yeye upande mwingine. Gari lilikawia. Akaniuliza, huku anaangalia viatu vyake, kama aje nikijifungua. Arobaini ya mzazi ni ya mamake. Yeye huogesha mtoto, humkanda mzazi, humpikia, na mzazi hagusi chungu mpaka siku zitimie. Kwetu sote ni hivyo. Yeye alifanyiwa na bibi.
Nimemwambia aje. Mtoto atamwogesha yeye, na mimi atanikanda yeye.
Chakula changu nitapika mwenyewe, hata kama nina mshono.
Kafuta macho kwa ncha ya leso, kasema sawa, mwanangu. Kisha gari likaja.