Kikombe Chenye Kamba ya Mgomba

Jumatatu, 3 Novemba
Mapipa ya chikichi yamechemka mapema. Mimi na Zabuloni tumesukuma mti wa mashine ya kukamua mawese mpaka jioni, tunazunguka kama punda. Kidahwe yote tope. Mwili unaniwasha. Nimejikuna kwenye nguzo hadi Zabuloni akacheka. "Korosho, utaangusha banda la watu!" Ananiita Korosho kwa kuwa kwetu ni Masasi, kwenye mikorosho. Sasa wote wananiita hivyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Kuwashwa hakuachi. Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Choo kimepauka kama chokaa. Sijamwambia mtu. Viganja vyangu ni vya manjano, lakini hapa nani hana viganja vya manjano? Mawese hayatoki hata kwa jivu. Jioni tumekula wote sinia moja, kama kawaida. Ugali wa muhogo na samaki, migebuka.

Jumapili, 9 Novemba
Hakuna kazi. Tumeshuka Ujiji kuoga ziwani. Tumejisugua kwa mchanga. Mikono ya Zabuloni ikatakata. Yangu ikabaki vilevile. Akanitazama usoni.
"Ndugu yangu, macho yako."
Safari hii hakucheka. Amesema atanipeleka hospitali mjini. Mkoa huu sina ndugu. Nina yeye.

Jumanne, 11 Novemba
Niliogopa kuingia peke yangu. Zabuloni akaingia nami.
Daktari ni binti mdogo, ana subira. Amenipaka kitu cha baridi tumboni, akapitisha kifaa chake, akatazama picha muda mrefu. Anasema mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umeziba. Umeziba zamani, labda tangu utotoni. Damu ikajitafutia njia, ikaota vimishipa vingi kama mizizi. Hiyo mizizi sasa inaubana mrija wa nyongo. Nyongo haipiti, inarudi kwenye damu. Ndiyo manjano. Ndiyo kuwashwa. Nikipata homa na baridi nije mbio, nyongo iliyotuama inaoza, inaua. Nikitapika damu vilevile. Natakiwa nipelekwe Mwanza wakanitie kimrija cha kuipitisha nyongo.
Akauliza kama kitovu changu kilioza nilipozaliwa, maana usaha wa kitovu huweza kuuziba mshipa huo. Sijui.
Nikauliza kama ni pombe. Akasema hapana. Zabuloni akauliza, "Hata tukila naye pamoja?"
"Hata mkila naye. Haiambukizi."
Zabuloni alinishika bega mpaka nje.

Jumatano, 12 Novemba
Nimempigia mama, nikamuuliza habari ya kitovu. Akasema ndiyo, kilioza. Bibi alikipaka kitovu jivu na samli, ndivyo walivyofanya wote. Kikatoa usaha. Nikachemka homa, nikapona, wakashukuru Mungu. Mama akalia.
Sikumlaumu. Bibi hakujua. Mama hakujua.

Ijumaa, 14 Novemba
Jana nilikuwa mjini kwa vipimo vya damu. Leo nimerudi Kidahwe nikakuta mtu mwingine kwenye mti wa mashine. Shemeji yake Zabuloni.
Nikamwamkia Mama Tausi, mwenye banda. Hakuitikia shikamoo yangu. Alijifunika mdomo kwa kanga, akaniambia nisimame hapo hapo.
"Kijana wangu, watu wanakula haya mafuta. Zabuloni kanieleza. Daktari kasema ini lako linaambukiza."
Nikamtazama Zabuloni. Akainamia pipa, akakoroga.
Vikombe vyote viko kwenye beseni. Changu kimewekwa juu ya tofali, peke yake. Kimefungwa kamba ya mgomba kwenye kishikio ili mtu asikosee. Fundo ni la Zabuloni. Nalijua, ndivyo anavyofunga madumu.
Nimenywea hicho hicho. Nilikuwa na kiu.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimemkuta Zabuloni nyuma ya banda. Nikamuuliza kwa nini.
"Shemeji ana watoto, hana kazi. Wewe utakwenda Mwanza tu, Korosho."
"Ungeniambia. Ningempisha mwenyewe."
"Mama Tausi asingekutoa hivi hivi. Anakupenda."
Hilo ndilo jibu lake lote. Alijua kwamba ninapendwa, akatafuta kitakachofanya nichukiwe.
Wenzangu wananipitia mbali. Mmoja alinitupia ndizi badala ya kunipa. Namchukia Zabuloni. Nimeandika, na sifuti.

Jumatatu, 17 Novemba
Homa. Meno yanagongana. Maumivu chini ya mbavu za kulia. Nimefunga nguo zangu kwenye mfuko. Hakuna aliyenisindikiza barabarani.

Jumanne, 18 Novemba
Nimelazwa. Dripu na sindano. Daktari ni yule yule binti. Ameuliza, "Rafiki yako yuko wapi?" Nikageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Novemba
Homa imeshuka. Kesho asubuhi gari la hospitali linanipeleka Mwanza. Sijui kimrija kitakaa au hakitakaa. Macho bado manjano.
Kwenye kitanda cha jirani kuna mzee wa Ujiji, amevunjika nyonga. Mchana mkewe huleta chakula kwenye hotpoti. Leo wali na dagaa wa nazi. Mimi huwa najifanya nimelala. Leo yule mama akavuta stuli katikati ya vitanda viwili, akaweka sahani moja.
"Amka, baba."
Nikamwambia upesi, kabla hajaniona nimegusa kitu: mama, ugonjwa wangu hauambukizi, daktari amesema, mwulize.
"Kwani nani kakuuliza?" Akashika jagi. "Nawa mikono."
Mzee akasema dagaa wanapoa.
Nikanawa.