Likizo ya Vivuli Viwili

Jumatano, Julai 1976. Mwaka mmoja na nusu tangu nitoke nyumbani Matongo.

Asubuhi kulikuwa na upepo wa baridi, sasa jua limekaa vizuri. Mgongo unauma, lakini leo hauumi kwa ajili ya sururu. Unauma kwa sababu nimeulaza mno.

Niko likizo. Nimeliandika neno hilo hapa ili nami nilione kwa macho yangu.

Hapa kambini Ikoma tunatengeneza barabara ya kwenda lango la hifadhi. Tunachimba, tunamwaga moram, ule udongo wa changarawe, tunashindilia, mvua inakuja inakula yote, tunaanza tena. Mimi niliishia darasa la nne na mikono yangu inajua kazi hii tu. Kwamba mtu kama mimi anaweza kupanga siku za kukaa bure na mke na watoto, sikuwahi kufikiri. Kwetu mtu mzima akikaa bure, majirani wanauliza anaumwa wapi.

Nilijifunzia kwa mtalii. Gari lao lilisimama karibu na tulipokuwa tunachimba. Baba akatandika shuka kwenye majani, akalala kifudifudi, na mtoto wake mdogo akawa anatembea juu ya mgongo wake kwa miguu mitupu. Mama anakula yai taratibu. Hakuna mwenye haraka.

Nikamwuliza Makuru, dereva wa lori letu, mtu wa Natta, "Yule mzungu amepatwa na nini?"

"Anapumzika na familia yake."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Ndiyo kazi iliyomleta kutoka Ulaya."

Tulicheka mpaka mnyapara akatugeukia. Lakini mgongo ule ulinikaa kichwani. Mgongo wangu umebeba mawe, magunia na hata ndama mmoja aliyevunjika mguu, lakini haujawahi kukanyagwa na mtoto. Nyangi, binti yangu wa mwisho, nilimwacha hajasimama sawasawa. Nikawa nasikia tu kwamba siku hizi anaimba.

Basi nilipoambiwa nitapewa juma moja la likizo, nikapanga. Kwanza nikakataa kwenda nyumbani. Nikienda nyumbani nitakuta zizi limebomoka, binamu ana shauri la ng'ombe wa mahari linanisubiri mimi, na shamba la kijiji nalo linaita. Nitarudi huku nimechoka kuliko nilivyotoka. Waje wao. Na wakija, hatutazunguka kama watu wanaotafuta ng'ombe waliopotea. Safari itakuwa moja tu, ya karibu, asubuhi, turudi kabla watoto hawajaanza kulia njaa. Mtama niliupeleka mashineni mapema ili Mama Mwita asishike jiwe la kusagia hata mara moja. Ningeweza, ningemkataza hata kubeba ndoo.

Nilifurahi na mpango wangu mpaka nikawa naongea peke yangu kazini.

Kisha nikaharibu. Nilituma salamu kwa mdomo, kupitia kwa utingo wa lori linalokwenda Tarime: "Mwambie Mama Mwita, shule ikifungwa aje na watoto wote, na mtu mmoja wa kumsaidia njiani." Nilikuwa na maana ya dada yangu Weisiko. Jina sikulitaja.

Jumamosi lori likaingia. Akashuka Mwita, mkubwa wangu, mrefu kama mtama. Akashuka Robi. Akashuka mama yao, Nyangi yuko mgongoni. Nikaanza kwenda mbio kuwapokea. Hapo nikaona mguu mwingine umevaa kandambili ya tairi, unatafuta pa kukanyaga, na juu yake kitambaa cha kichwa ninachokijua.

Mama mkwe.

Nikageuka nikakimbilia nyuma ya stoo ya saruji.

"Kuna simba?" Makuru akaniuliza.

"Afadhali simba! Ni mama mkwe."

Kwao Natta nako wakwe wanaheshimiwa, lakini kwetu Wakurya ni jambo jingine. Mama aliyemzaa mke wangu simtazami usoni. Simpi mkono. Hatuli mahali pamoja, wala hawezi kuingia chumba chenye kitanda changu. Nami nina chumba kimoja tu, na hicho kitanda ndicho kimekijaza.

Mama Mwita akanifuata nyuma ya stoo. Hatukuwa tumeonana mwaka na nusu, na maneno yetu ya kwanza yalikuwa hivi:

"Ulisema mtu mmoja. Weisiko yuko kwenye mavuno ya kijiji, mwenyekiti hakumpa ruhusa. Mama akasema yeye ni mzee, hakuna wa kumzuia, na anataka kuona hao wanyama kabla hajafa. Ningemjibu nini?"

"Ungemwambia chumba ni kimoja."

"Wewe ulisema ni kimoja?"

Sikusema.

"Halafu hiyo likizo ni nini? Mama anadhani wamekufukuza kazi."

Nitaandika ukweli: nilikasirika. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikaona mpango wangu wote umekwenda na maji. Mke wa Makuru ndiye aliyetuokoa, akamchukua mama mkwe akalale kwao. Ukabaki mchana. Stoo ya saruji ina vivuli viwili, kimoja upande wa jikoni, kingine upande wa barabara. Bibi wa watoto akapewa cha jikoni. Mimi nikakaa cha barabara, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Siku ile ya kwanza Nyangi alinichungulia kutoka ndani ya kitenge cha mama yake. Kisha akauliza kwa sauti, kambi nzima inasikia, "Mama, na yule mtu analala hapa?"

Yule mtu ni mimi.

Lori la kuwarudisha linaondoka Ijumaa. Nikayaacha mengine yote niliyoyapanga, nikataka kitu kimoja tu: aniite baba kabla ya Ijumaa. Lakini mtoto haitwi kwa nguvu. Nilimwonyesha kipande cha muwa, akakimbia. Nilimtengenezea gari la kopo, Robi akalichukua.

Jumapili, baada ya watu kurudi kutoka kusali, kukatokea kitu ambacho sikukipanga. Mwita alikuwa chini ya lori na Makuru, wanapaka grisi, uso umeshakuwa mweusi. Robi alikuwa na watoto wa kambi. Aliyebaki karibu na bibi ni Nyangi peke yake. Bibi akataka chumvi, na hawezi kuniomba yeye.

Nikaona kichwa kidogo kwenye kona ya stoo. Macho chini.

"Bibi anasema, chumvi."

Nikampa. Akakimbia. Sijakaa vizuri, amerudi.

"Bibi anasema, chumvi nyingine."

Kisha kiberiti. Kisha kisu. Kisha kurudisha kisu. Kisha bibi anauliza huku Ikoma mvua zao zikoje, na ng'ombe wao wanakamuliwa mara ngapi. Nilijibu kila kitu kwa heshima, naye Nyangi akayabeba majibu yangu mikononi kama mtu anayebeba maji. Mengine yalimwagika njiani. Nilisema ng'ombe wa huku wanasumbuliwa na ndorobo. Bibi akaletewa habari kwamba mimi nasumbuliwa na ng'ombe, akanitumia pole.

Jumatatu Nyangi aliacha kukimbia. Jioni alikalia mguu wangu akisubiri jibu. Sikuusogeza mguu mpaka ukafa ganzi.

Jana ndiyo ilikuwa safari. Natamani kuiandika yote na mkono hautoshi! Mnyapara alituruhusu tupande lori linalokwenda kuchukua moram kilimani. Bibi na Mama Mwita walikaa mbele na Makuru. Mimi na watoto tulikuwa nyuma tumesimama, tumeshika ubao, upepo unatupiga meno, Mwita anapiga kelele kila lori likiruka shimo. Mashimo yale ni yangu, nayajua moja moja, lakini jana yalikuwa mchezo.

Juu ya kilima, kwa wenzangu wanaopakia moram, Makuru akazima injini. Bonde lote lilikuwa jeusi. Nyumbu. Wanakwenda, wanakwenda, wanalia kama watu wanaobishana baraza zima, na pundamilia katikati yao. Nimeishi huku nikiwaona tangu mwaka jana na kuwalaani kwa vumbi lao. Jana niliwaona kwa macho ya Robi, ambaye alifungua mdomo akasahau kuufunga.

Nikatandika shuka. Bibi akakaa upande wake, ametugeuzia mgongo, nami nikalala kifudifudi upande wangu. Mama Mwita akasimama katikati, hajui mikono aiweke wapi.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

"Hatufanyi kitu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka lori lijae."

Akacheka. Akakaa, kisha akajilaza. Nimemwoa miaka tisa na sijapata kumwona amelala mchana kweupe isipokuwa siku za uzazi. Alifumba macho nikaona uso wake unalegea kama fundo linalofunguka.

Kisha zikaanza zile salamu.

"Bibi anasema, ng'ombe hawa wote ni wa nani?"

"Mwambie ni wa serikali."

Akaenda, akarudi.

"Bibi anasema, serikali inachunga vibaya. Wamekonda."

"Mwambie hawana mchungaji. Simba tu."

Akaenda, akarudi.

"Bibi anasema, simba akikuchungia, usiulize kwa nini hawaongezeki."

Makuru alicheka mpaka akaegemea tairi. Nikasikia na bibi anacheka, kicheko cha chini, nami nikacheka uso ukiwa kwenye majani ili nisivunje heshima.

Mara ya tano au ya sita Nyangi alichoka kunizunguka. Mgongo wangu ulikuwa njiani. Akakanyaga. Mguu mmoja, wa pili, miguu midogo yenye moto wa jua, akapita juu yangu kama daraja. Akarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilinyamaza kama jiwe nisimshtue. Mzungu yule hakuwa mgonjwa. Sasa najua.

Leo asubuhi Mama Mwita ameniambia kitu. Ile chumvi yote iko kwenye kopo la mke wa Makuru, haijaguswa. Hakukuwa na haja ya chumvi wala kisu.

Sijui nitamshukuruje mtu nisiyeweza kumtazama. Nimechinja jogoo, nimempelekea mapaja, na firigisi nimeiweka juu kabisa.

Sasa ni mchana. Nimeandika mpaka hapa, na Nyangi amekuja, amesimama kwenye goti langu. Ametazama kalamu kidogo, kisha akasema:

"Baba. Bibi anasema, unarudi nyumbani lini?"

Nimenyoosha shingo, macho nikiyapeleka kwenye miguu tu, kama inavyotakiwa. Kivulini upande wa jikoni ziko kandambili mbili za tairi, zimevuliwa, na miguu imenyooka. Na kuna mkoromo. Bibi amelala tangu tulipomaliza kula.

Nimemjibu kwa heshima ile ile: "Mwambie bibi, mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha. Hapo lori halipiti, kazi inasimama."

Amekwenda mpaka kwenye kona ya stoo, akasimama kidogo, akarudi.

"Bibi anasema, sawa."

Basi yamekwisha kukubaliwa. Ijumaa watapanda lori, nami nitashika sururu na jicho moja nitaliweka kwenye mawingu ya upande wa ziwa. Tone la kwanza likianguka kwenye moram hii, nitakuwa njiani kwenda Matongo.