Mlo wa Babako Usio na Chumvi

Dadi, nyanya yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa chetu. Kigujarati changu kilikuwa kinakuchekesha, na Kiingereza ulisema ni cha kujaza fomu. Ulikuwa unamwita Mama, mkamwana wako Mkalenjin kutoka Keringet, "kuja mama, onja hii," na mimi nikakua nikidhani hiyo ndiyo lugha ya nyanya wote duniani.

Jumapili iliyopita tulipika kichri ya babako. Mara ya kwanza bila wewe.

Kila mwaka, mvua ya mwezi wa nne ikianza, ulichemsha mchele na ndengu bila chumvi hata chembe, na nyumba nzima ikala. Nilipokuwa mdogo niliichukia. Ladha yake ni ya karatasi iliyonyeshewa. "Babangu alipigwa rungu kwa sababu ya chumvi," ulinijibu siku moja nilipolalamika. "Wewe vumilia sahani moja."

Ukanipeleka Elementaita ndio nielewe. Ulivua viatu, ukainama pale ukingoni mwa ziwa penye ule unga mweupe, ukaniwekea kidogo ulimini. Magadi. Nikatema. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Halafu ukanihadithia kwamba kwao babako, Gujarat kule India, chumvi ililala tu ufuoni namna hiyo, lakini serikali ya Mwingereza ilikataza mtu kuiokota. Lazima ununue yake, na kodi juu. Ukasema kudai uhuru kulikuwa kwanza kazi ya mawakili, watu wa suti na hotuba, na mtu wa kijijini aliyasikia mambo hayo kwa mbali tu. "Lakini chumvi iko kwa kila sufuria. Hapo ndio mama wa jikoni akajua hii vita ni yake." Babako, kijana wa shamba, alitembea na wenzake hadi baharini, akaokota konzi moja. Akapigwa, hakurudisha mkono, akafungwa.

Alipotoka jela akapanda meli, akapata kazi ya reli hapa Nakuru. "Na nani anamngoja stesheni? Mwingereza yule yule, na benchi yake ya peke yake." Hapo ulicheka tena, lakini macho hayakucheka.

Siku hiyo nilikuuliza kitu ambacho sijamuuliza mtu mwingine. Kama mtu mwenye haya, mtu ambaye sauti inamkauka mwalimu akimtaja jina, angefaa chochote kwa vita kama ile. Hukucheka. Nilikupendea hiyo, ulikuwa unafikiria kwanza. "Babangu alikuwa na kigugumizi," ulisema. "Kukataa hakuhitaji sauti. Unakaa tu hapo, na hutoki."

Basi Jumapili Shangazi alikuja na watoto wake kutoka Nairobi. Mama alikuwa amepika vile ulimfundisha. Shangazi akaonja kijiko kimoja, akaenda jikoni, akarudi na mkebe wa chumvi, akauweka katikati ya meza.

"Jamani, Waingereza walienda kitambo. Sasa tunamgomea nani? Ndengu?"

Watoto wake wakacheka. Baba akatabasamu kama mtu amechoka, akanyoosha mkono. Dadi, nilijua akinyunyiza hiyo chumvi, mwaka ujao hakuna kichri. Itakuwa kitu ambacho Dadi alikuwa anafanya, basi. Nikauvuta ule mkebe, nikauweka mapajani, nikaendelea kula.

"Hebu lete," Shangazi akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Ala! Huyu naye ameanza kelele lini?"

"Hajasema kitu," Baba akasema.

"Ndio hiyo nasema. Mkorofi wa kimya kimya. Lete hapa, msichana."

Sikuleta. Nilitaka kulia na mdomo umejaa ndengu.

Mama ndiye alisema. Unajua vile huongea, akiangalia sahani yake. "Babu yangu alivaa kipande, kitambulisho cha Mkoloni, shingoni kama kengele ya ng'ombe, kwa shamba la Mzungu pale Njoro. Kwetu hakuna chakula tunapika cha kumkumbuka. Mimi nakula hii, na yake iko humu ndani." Akachota ingine.

Baba akarudisha mkono wake. Shangazi alikula akinung'unika kwamba hata hospitali wanaweka chumvi, lakini alimaliza. Alipokuwa anaondoka, tayari ameshika mlango wa gari, alimuuliza Mama huyo babu aliitwa nani. Mama akamwambia. Shangazi akalirudia lile jina la Kikalenjin polepole, akakosea, akarudia, mpaka likatoka sawa.

Asante, Dadi. Shuleni tunasoma uhuru kama kazi ya watu wenye sauti kubwa, na mimi husoma nikijua singekuwa mmoja wao. Wewe ulinionyesha kwamba kulikuwa na wengi ambao hawakusema chochote, na bado haikuwezekana kuwahamisha. Sijui kama ulijua ni zawadi. Nafikiri ulijua.

Mama amesema mwaka ujao sufuria ni yangu. Sijui kupima maji, uliondoka kabla hujanionyesha. Pengine nitaiunguza. Watakula hivyo hivyo.

Pumzika, Dadi. Huku tuko sawa.

Mjukuu wako, mtoto wa mwanao