Kichwa Kisichoongezeka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepata nafuu na kikohozi kimekuhurumia. Sisi tupo, na mume wako, huyu mwanangu mwenye mwaka na ushei, anakuamkia.

Nakuandikia mchana kweupe, kando ya kitanda chake hospitalini. Amelala macho nusu wazi, kama kawaida yake. Unakumbuka ulivyocheka, ukasema umepata mume anayelinda nyumba hata usingizini? Pazia likipepea, mwanga unapita machoni mwake wala hana habari. Nikimtazama sana naona kama nami nimo ndotoni mwake, nimekaa nashona kofia isiyoisha.

Daktari ametueleza taratibu. Mifupa ya fuvu lake iliungana mapema mno. Ubongo unakua, nyumba yake haikui. Matundu ya macho nayo hayana kina, ndiyo maana macho yametokeza na kope hazikutani. Mishipa ya kuonea imebanwa. Kesho asubuhi watalifungua fuvu, ubongo upate nafasi. Jicho la kulia wanatumaini kulinusuru. La kushoto limeshazima, na halitaona tena. Daktari alisema tungewahi miezi sita nyuma, angeliokoa. Mkwe wako akainama, akasema kosa ni lake, mama gani asiyeona macho ya mwanawe. Tangu hapo chakula hakimpiti kooni.

Mama, kuna jambo limenikaa rohoni. Mimi ni fundi kofia. Vichwa ndiyo kazi yangu. Kila mwezi nilimpima mtoto nimshonee mpya. Kisha ukaja mwezi ambao kipimo hakikuongezeka, nikailaumu futi kuwa imelegea, nikanunua nyingine. Wa pili, kilekile. Wa tatu, kilekile. Mkwe wako alipouliza, nikamwambia kijana anakua vizuri, na kila mara nikashona kofia kubwa zaidi kidogo ili aniamini. Nikaishusha hadi kwenye nyusi, watu wasimshangae. Nilijua, mama. Niliogopa, na nilimwonea aibu mwanangu mwenyewe.

Mke wangu amesinzia kwenye kiti, bado anajilaumu. Akiamka nitamwambia yote, kabla mtoto hajachukuliwa. Akinifukuza, nitakuwa nimeyataka mwenyewe. Asiponifukuza, siku ya kufungua bandeji yeye atakaa upande wa kulia wa mtoto. Mimi nitakaa kushoto.

Wasalimie baba na majirani, nawe usiache kutuombea.

Ni mimi mwanao,
Fundi Kofia