Nilienda India Kuona Milima, Kanisa Linangoja Nishuhudie Uponyaji

Mama Jemutai, mimi msomaji wako nakusalimia kutoka hapa Louisville, ughaibuni, na kabla sijaanza nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, halafu unisaidie, maana usingizi umenihama na siku yenyewe inakaribia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkongomani wa Masisi, naishi mtaa wa Beechmont na mume wangu Marcellin, nafunga makatoni kwenye ghala, na sipendi kujisifu lakini leo nitajisifu kidogo tu: mtoto wetu wa kwanza, Généreuse, ni injinia. Huyo ndiye niliyembeba mgongoni tulipokimbia kutoka Masisi mpaka Uganda, akaanza shule kambini akikaa juu ya jiwe kwa sababu madawati hayakutosha, na leo amemaliza chuo kikuu kule Buffalo, akaajiriwa na kiwanda cha pampu huko Tonawanda, na kiwanda hicho kikamtuma India, mji wa Pune, awafundishe mafundi wa huko mashine mpya, yaani mtoto wangu anasimama mbele ya wanaume wenye mvi na wao wanaandika anachosema, Mama Jemutai, wewe ni mzazi, utaelewa nikisema hapo kifua hakinitoshi.

Basi mwezi wa kwanza akanitumia tiketi, akasema Mama njoo, nimechukua likizo, nataka nikuonyeshe milima ya huku, watu wanatoka mijini kuja kupumzika tu na kuangalia. Nikamwambia, milima? Mimi niliyezaliwa mlimani nipande ndege usiku na mchana kwenda kuangalia mlima? Akacheka, akasema njoo tu. Nikaenda.

Sitakuficha, nilifurahi mpaka nikaona haya. Tulianzia mahali panapoitwa Mahabaleshwar, barabara inapanda kwa kona mpaka masikio yanaziba, na huko juu kuna baridi nzuri ya kuvaa sweta, na stroberi zinauzwa kando ya njia, unakula na maziwa mazito, na mahindi ya kuchoma wanayapaka ndimu na pilipili, moja nilinyang'anywa na nyani kabla sijaonja. Asubuhi ukungu unajaa bondeni kama kule kwetu saa ng'ombe wanapotoka, nikasimama ukingoni nikasema kwa sauti, pazuri sana, lakini milima ya Masisi ni mirefu zaidi, na Mhindi mmoja aliyekuja na familia yake akaniuliza Masisi iko wapi, nikamweleza malisho, jibini, maharagwe, mpaka Généreuse akanivuta mkono kwa sababu watoto wa yule baba walikuwa wamechoka kusimama.

Halafu tukaenda Matheran, na huko magari hayaruhusiwi kuingia, unaacha gari chini, unapanda kwa farasi au kigari moshi kidogo au miguu. Généreuse akanichagulia farasi mpole. Nikakataa, nikamwambia nimetoka Masisi mpaka Uganda kwa miguu na wewe mgongoni, leo nibebwe na farasi? Tukapanda kwa miguu katika udongo mwekundu chini ya miti, lakini nikawa naenda mbio bila kujua, nageuka nyuma, naenda, nageuka, mpaka akanishika mkono akasema, "Mama, relax. Unakimbia nini? Hakuna mtu anatufuata." Nikakaa chini palepale nikalia, naye akakaa, tukanywa maji, kisha tukaendelea mpaka juu.

Sasa shida yangu. Wewe unajua kwetu mtu akisikia fulani ameenda India hakuna anayeuliza amekwenda kufanya nini, wanauliza tu ni figo au ni moyo. Nilipokuwa sipo, shemasi Bisogo alimuuliza Marcellin niko wapi, na Marcellin, ambaye kusema maneno matatu kwake ni hotuba, akajibu, "Iko India." Basi. Shemasi akavua kofia. Jumapili ile ile nikaombewa, wamama wa kwaya wakafunga siku tatu bila kula, habari ikafika kwa ndugu zetu wa Columbus na Buffalo, na nyumbani kwangu sufuria zikaanza kuingia, sombe ya majani ya muhogo, samaki, fufu. Niliporudi nikamuuliza Marcellin kwa nini hakuwaambia ukweli. Akasema, "Balileta chakula. Donc ningefanya nini, ningerudisha sombe?"

Nami nilirudi nimekonda, kwa ile kupanda na ile pilipili. Wamama walinipokea uwanja wa ndege na wimbo. Waliponiona mashavu yameingia ndani wakaanza kulia kwa furaha, na mimi, Mama Jemutai, nikawakumbatia nikanyamaza. Ningewaambia nini? Wale wanafanya kazi za usiku, wanaosha wazee, wengine hawajamwona mama yao tangu vita. Nianze vipi kusema kwamba siku walizokuwa wamefunga, mimi nilikuwa nakula stroberi? Watasema huyu amekuwa mzungu, anapanda ndege kwenda kuangalia nyasi.

Nikajaribu mara moja kwa pasta, nikamwambia, "Pasta, ile maneno si vile munawaza." Akanishika bega akasema, "Bon, usijishushe mama, utukufu ni wa Mungu. Siku ya Columbus utasimama mbele ya batu bote utoe ushuhuda." Maana kuna ibada ya shukrani, makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo yatakutana huko Columbus, karibu na Morse Road, na jina langu limeshatangazwa.

Hilo ningelivumilia. Lakini juzi kanipigia simu mama mmoja wa huko huko Columbus, mtaa wa Northland, Mukansanga, mgonjwa wa figo kweli, anaenda kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Akaniambia, "Dada, unipe jina ya ile hospitali. Miye nimechoka na ile mashini. Nimeshaambia batoto, nitaiacha, niende kule kwenye ulitoka muzima." Nikasema nitakupigia, nikakata simu. Mpaka sasa sijampigia. Nikisema ukweli nitakuwa mwongo mbele ya makanisa matatu, na aibu itamfikia hata mtoto wangu ambaye hana kosa. Nikinyamaza, yule mama atafanya nini? Nielekeze, nimekwama.

Mama Généreuse, Beechmont, Louisville

MAMA JEMUTAI ANAJIBU

Mama Généreuse, nimecheka, nisamehe. Nilivumilia mpaka kwenye sombe nikashindwa. Halafu nikafika kwa yule mama mgonjwa na kicheko kikaniishia.

Kwa hiyo hili la kwanza nililokuambia kwa simu siku ile ile barua yako ilipofika, nalirudia hapa kwa ajili ya wengine. Mgonjwa wa figo akiacha mashine, anaweza kufa, na hachukui muda mrefu. Hospitali nzuri ziko India, sikatai, na watu wetu wamepona huko, lakini hakuna anayepaswa kuacha matibabu yake kwa sababu ya mtu aliyekwenda kula stroberi. Ulitakiwa umwambie ukweli kwenye simu ileile, uone haya usione haya. Umeshampigia, umenijulisha kwamba alikuuliza hizo stroberi ni tamu kiasi gani, na kwamba kesho yake alikwenda kwenye mashine. Amekubali mwenyewe habari hii itoke, bora jina lake la kweli nisilitaje, na sikulitaja, hilo la Mukansanga nimempa mimi. Hapo nakupongeza. Lakini ulimchelewesha, na hilo nakugombeza, na sitalirudia.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia jina la mtoto, la mume, la shemasi, mpaka la mtaa. Mtu anayetaka kujificha haandiki hivyo. Wewe umechoka kujificha, unatafuta tu mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma.

Unasema ukisema kweli utakuwa mwongo. Hapana. Hukumwambia mtu yeyote kwamba unaumwa. Wengine ndio waliokufanya mgonjwa, nawe ukanyamaza kwa kuona haya, na kosa lako ni huko kunyamaza tu. Lakini ukipanda pale Columbus ukasema umeponywa, hapo ndipo utakuwa mwongo, tena mwongo wa kanisani, na kutakuwa na Mukansanga mwingine amekaa kiti cha nyuma anayekusikiliza ili aache dawa zake.

Na hii hofu ya kuitwa mzungu, itupe. Mimi nimezaliwa Iten, pale ukingoni juu ya bonde la Kerio. Watalii walikuwa wanasimama karibu na choo chetu kupiga picha bonde, na sisi tunawaangalia wao, tukiwashangaa. Nilikuwa mtu mzima, niko hapa Columbus nimefungiwa ndani na theluji, ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kusimama hata siku moja niliangalie lile bonde bila kuwa na mzigo wa kuni. Nani alituambia kwamba macho yetu ni ya kutafutia njia tu? Hao wamama wa kazi za usiku hawahitaji uwafiche milima yako. Wanahitaji kusikia kwamba mwenzao amepumzika, kwa sababu wengi wao hawaamini kwamba inawezekana.

Ulisema utajisifu kidogo tu. Dada yangu, umejisifu barua nzima, na nimefurahia kila mstari. Mtoto wa kambini anafundisha wenye mvi! Mimi ningekuwa wewe ningeshona kitenge chenye picha yake. Tena ulienda mpaka ukingo wa mlima wa watu ukautangaza mlima wako kwa mgeni mpaka watoto wake wakachoka. Mwanamke wa namna hiyo anaogopa kipaza sauti cha kanisa?

Fanya hivi. Kabla ya safari ya Columbus, wewe na Marcellin mwende kwa pasta nyumbani kwake, si mlangoni mwa kanisa, na Marcellin ndiye aanze kusema, maana yeye ndiye aliyekula. Na asitoroke kwa maneno mawili tu kama kawaida yake. Baadaye waite wamama wa kwaya kwako, wapikie, sufuria zao ziwarudie zimejaa, uwaambie kila kitu pamoja na nyani. Watakaonuna, wavumilie, walifunga kweli na wana haki ya kununa kwa muda. Kisha uwaombe jambo moja: ule moyo waliokuwa nao kwa mgonjwa asiyeumwa, waupeleke kwa anayeumwa. Ndugu zao wa Columbus wapange zamu ya kumpeleka yule mama kwenye mashine na kukaa naye, na chakula wampikie kile muuguzi wake atakachowaambia. Maombi yao hayakupotea. Yalikosea nyumba tu.

Na siku ya ibada, usifute jina lako kwenye ratiba. Pasta alitaka ushuhuda, na wewe unao, ila umeutaja haraka katikati ya barua, kati ya farasi na maji ya kunywa, kana kwamba ni kitu kidogo. Simama uwaambie makanisa yote matatu kwamba zamani ulipita milimani ukikimbia, mtoto mgongoni, hukuona kitu ila njia. Kisha uwaambie kwamba mwaka huu mtoto huyohuyo amekupandisha mlima mwingine, ukawa unakimbia bado, ukigeuka nyuma, mpaka akakushika mkono akakuambia hakuna mtu anatufuata. Halafu uwaangalie. Utaona ni wangapi humo ndani walikuwa bado wanakimbia.

Mimi ni mtu wa hapa hapa Columbus, nitakuja nikae mbele unione. Panda madhabahuni kama ulivyopanda Matheran, Mama Généreuse, kwa miguu yako, na mara hii usigeuke nyuma.